Kobe wa Papert, Jembe la Nyerere

Mashimo 32

Ilemela, jijini Mwanza, ni wilaya ya mawe na maji. Upande mmoja kuna miamba iliyopandana, upande wa pili Ziwa Victoria, na katikati mitaa ya Kirumba, Pasiansi, Nyakato na Buswelu inapanda na kushuka na vilima vyake. Anayetaka kujua ni lini watoto wa huku walianza kufikiri kwa ule mtindo ambao leo unahusishwa na kompyuta asianzie kwenye maabara ya shule. Aanzie kivulini, penye mashimo ya isolo.

Isolo ni mchezo wa Wasukuma, wa ukoo mmoja na bao. Huchezwa kwa namna kadhaa, na sheria za watoto si zilezile za wazee. Bao la Kiswahili lenyewe lina mashimo 32 katika safu nne na kete 64, na hupitia hatua mbili. Kwanza ni kunamua, kete zikiingizwa mchezoni moja moja, halafu mtaji. Mchezaji huchota kete na kuzisambaza shimo kwa shimo. Ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, mwendo unaendelea, ama kwa kula za mpinzani, ama kwa kuchota zilizomo na kusambaza tena. Ikiangukia shimo tupu, mchezaji amelala na zamu inahama.

Hiyo ni programu kamili. Rudia kitendo hiki, kila mara chunguza hali iliyopo, sharti likitimia simama. Mholanzi Alexander de Voogt, aliyejifunza kwa mabingwa wa bao wa Zanzibar, alitetea tasnifu yake Chuo Kikuu cha Leiden mwaka 1995 akichunguza namna mabingwa hao wanavyoifuata mizunguko mirefu kichwani kabla mkono haujagusa kete. Walikuwa wakiendesha programu bila mashine.

Watoto nao walikuwa na michezo yao, na hapo ndipo penye jambo kubwa zaidi. Katika rede, wawili husimama huku na huku wakirushiana mpira wa matambara. Wa katikati hukwepa, na huku anakwepa anajaza mchanga kwenye chupa. Mpira ukimgusa, ametoka. Chupa ikijaa kabla hajaguswa, duru ni yake. Wachezaji wakiwa wachache, sheria inabadilishwa palepale. Mdogo akitaka kuingia, anapewa nafuu. Uwanja ukiwa mwembamba, umbali wa kurusha unapunguzwa. Wanajaribu, wanabishana, wanaona mchezo umekuwa mwepesi mno, wanarekebisha, wanacheza tena. Kwa vizazi vingi hakuna aliyeiita kazi hiyo elimu. Iliitwa kucheza, na kengele ya shule ilipogongwa iliachwa nje ya mlango.

1965–1967: mashine, kijitabu na kobe

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam. Ilikuwa ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Uingereza, na kazi yake ilikuwa hesabu za serikali. Ilikuwa mali ya wahasibu na mafundi wachache, mbali kabisa na mtoto wa shule ya msingi.

Miaka miwili baadaye, Machi 1967, Rais Julius Nyerere alitoa kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea. Nyerere alikuwa mwalimu kwa taaluma, mzaliwa wa Butiama upande wa mashariki wa ziwa hilihili, na aliandika kama mtu aliyewahi kusimama mbele ya darasa. Alikataa elimu iliyoachwa na ukoloni kwa sababu ilimtenga mtoto na jamii yake, ikamfundisha kuheshimu kitabu na mtihani kuliko kazi na maarifa ya wazazi wake. Alitaka shule ya msingi iwe elimu iliyokamilika, kwa kuwa watoto wengi wangeishia hapo. Watu wengi wanakumbuka kwamba alitaka kila shule iwe na shamba. Wachache wanakumbuka sehemu ya pili ya hoja hiyo: wanafunzi washiriki kuamua nini kilimwe na kwa njia gani, wapange, walinganishe matokeo, wajifunze kutokana na makosa yao. Miongoni mwa sifa alizotaka shule ijenge, aliitaja akili ya kuhoji, na uwezo wa kutazama wanachofanya wengine na kukichukua, kukikataa au kukirekebisha.

Mwaka huohuo wa 1967, katika kampuni ya Bolt, Beranek and Newman huko Massachusetts, Marekani, Wally Feurzeig, Seymour Papert, Cynthia Solomon na wenzao walikuwa wakitengeneza Logo, lugha ya programu iliyobuniwa kwa ajili ya watoto. Papert alikuwa mzaliwa wa Afrika. Alizaliwa Pretoria mwaka 1928 na alikuwa mpinzani wa ubaguzi wa rangi. Baadaye alifanya kazi Geneva na mwanasaikolojia Jean Piaget, aliyeonyesha kwamba mtoto hajazwi maarifa, anayajenga mwenyewe. Papert aliongeza jambo lake: mtoto hujenga vizuri zaidi akilini anapojenga kitu cha kuonekana, ambacho wenzake wanaweza kukitazama na kukijadili.

Mwanzoni Logo ilitumika kwa maneno na sentensi. Miaka michache baadaye alikuja kobe, roboti mdogo wa sakafuni mwenye kalamu, aliyechora njia aliyopita. Songa mbele hatua 100, geuka kulia digrii 90, rudia mara nne, na mraba umechorwa. Mtoto aliyekosea pembe aliona kobe akielekea kusikotakiwa. Mwalimu hakuhitaji kuweka alama nyekundu. Mtoto alisimama, akajifanya kobe, akatembea sakafuni hatua kwa hatua mpaka akagundua amri iliyopotoka. Kwa Papert, kosa lilikuwa kitu cha kukaa nacho na kukichunguza, na shule iliyomwadhibu mtoto kwa kukosea ilikuwa ikimnyang'anya chombo chake bora cha kujifunzia.

Nyerere aliandikia nchi ya wakulima, Papert alifanya kazi katika chumba cha mashine ghali. Hata hivyo madai yao yalikaribiana kwa namna ya kushangaza: mtoto afanye, aone matokeo, ahoji, abadilishe.

1967–1986: jembe likabaki, swali likaondoka

Elimu ya Kujitegemea ilipofika madarasani, nusu yake ilipotea njiani. Mashamba ya shule yalilimwa, na huku Usukumani pamba lilikuwa zao lililojulikana kila nyumba. Ila kuamua, kupima na kubishana kuhusu matokeo ni mambo magumu kuyasimamia kuliko kuwapanga watoto kwa mistari na kuwapa majembe. Kazi ya mikono ikatengana na kazi ya kichwa, na kwa watoto wengi "kujitegemea" likawa jina la kipindi cha kulima.

Shinikizo jingine lilikuja kwa nia njema. Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililopitishwa kwenye mji wa ziwani jirani na Mwanza, liliharakisha elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977. Watoto walimiminika shuleni. Vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu wakiwa kazini ili nafasi zijazwe. Yalikuwa mafanikio makubwa ya taifa maskini, na gharama yake ilikuwa darasa lililojaa, ambamo njia pekee ya kufundisha ilikuwa mwalimu kusema na watoto kuitikia. Katika Ilemela ya leo, kazi ya mikono yenye fikra ilidumu zaidi huko sekondari, Bwiru, iliyokuwa miongoni mwa shule za ufundi nchini.

Kompyuta nayo ilipata pigo lake. Mfumo wa hesabu wa Wizara ya Fedha uliharibika kiasi cha kuitia serikali hasara na aibu, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake ukapigwa marufuku. Uamuzi huo usichukuliwe kuwa wa ujinga. Nchi ilikuwa na fedha kidogo za kigeni, mashine zilitegemea wataalamu kutoka nje, na hitilafu zilipotokea hakukuwa na Watanzania wa kutosha wa kuzitatua. Lakini matokeo yake ni kwamba, wakati watoto wa Marekani na Uingereza walipoanza kuandika vijiprogramu vyao kwenye kompyuta za nyumbani za miaka ya mwanzo ya 1980, mtoto wa Kirumba hakuwa na pa kuiona hata moja.

Afrika haikuachwa nyuma yote. Mwaka 1982 Papert na Nicholas Negroponte, kupitia kituo cha Paris kilichoungwa mkono na serikali ya Ufaransa, walipeleka kompyuta za Apple II Dakar, Senegal, na watoto wa huko wakafundishwa Logo. Tanzania ililegeza marufuku yake kidogo kidogo, kisha mageuzi ya uchumi ya 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, yakafungua milango ya biashara.

1990–2009: kompyuta ya kuchapia

Mashine ziliporudi, zilirudi na maana finyu. Kujua kompyuta kulimaanisha kujua kuchapa barua, kupanga jedwali na kupata cheti cha wiki kadhaa kutoka chuo cha mtaani. Serikali iliondoa kodi kwenye kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikatoa Sera ya Taifa ya TEHAMA mwaka 2003, kisha sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi mwaka 2007. Kuanzia 2005, kwa msaada wa Sweden, vyuo vya ualimu vya serikali vilianza kupata kompyuta. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulitua Dar es Salaam, na intaneti iliyotegemea setilaiti za gharama kubwa ikaanza kushuka bei.

Watoto hawakungoja sera. Walienda kwenye vibanda vya gemu, ambako televisheni, deki ya PlayStation na sarafu chache ziliwapa nusu saa ya mpira wa Ulaya. Wazazi na walimu waliviona vibanda hivyo kama mahali pa utoro, na mara nyingi walikuwa sahihi. Kuna upotevu mwingine ambao haukusemwa. Mtoto aliyejua kubadilisha sheria za rede alikuwa sasa mbele ya mchezo ambao hangeweza kuubadilisha hata kidogo. Alikuwa mteja.

Magharibi ya ziwa, Rwanda ilichukua njia ya ujasiri. Kuanzia 2008 ilisambaza shuleni kompyuta ndogo za kijani na nyeupe za mradi wa One Laptop per Child, ulioasisiwa na Negroponte kwa mawazo ya Papert, na baada ya miaka kadhaa idadi ilipita 200,000. Ndani yake mlikuwa na programu ya kobe. Mradi huohuo ulipopimwa Peru katika shule 319, ripoti ya mwaka 2012 haikuona ushahidi wa maendeleo katika hesabu na lugha. Mashine zilikuwa zimefika. Walimu walikuwa hawajaandaliwa kuzitumia.

2007–2019: matofali ya rangi

Mei 2007 kundi la Mitchel Resnick, mwanafunzi wa fikra za Papert katika MIT, lilitoa Scratch. Hapa amri haziandikwi kwa herufi, zinaburutwa kama matofali ya rangi yanayoshikana. Tofali lisiloingia mahali pake halishiki, kwa hiyo mtoto haangushwi na nukta aliyoisahau. Mwaka 2014 ikafuata ScratchJr kwa wenye umri wa miaka mitano hadi saba, ambao hata kusoma hawajamudu.

Mtoto akitaka kuitengeneza rede kwa matofali hayo, inambidi aamue mambo ambayo uwanjani yalikuwa hayasemwi. Mchezaji wa katikati anasogea kwa vitufe vipi? Mpira unakwenda kwa kasi gani, na ukifika mwisho unarudi vipi? Chupa inajaa kwa kiasi gani kila mchanga unapoingia? Kiasi hicho kinatunzwa wapi ili kompyuta isikisahau? "Ukiguswa, umetoka" inageuka sharti, "endelea kurusha" inageuka mzunguko, na ujazo wa chupa unageuka namba inayopanda. Kisha anabonyeza bendera ya kijani na mpira unapita ndani ya mwili wa mchezaji bila kumtoa. Amesahau kuiambia kompyuta ichunguze kila wakati, ameiambia mara moja tu mwanzoni. Akiligundua hilo mwenyewe, amejifunza jambo ambalo maelezo ya ubaoni yangechukua muda mrefu kulieleza.

Nchini, watu binafsi walianza. Mwaka 2013 Carolyne Ekyarisiima alianzisha Apps and Girls, Dar es Salaam, akiwafundisha wasichana kutengeneza tovuti, programu za simu na michezo. Januari 2014 katuni za Ubongo Kids zilianza kurushwa na TBC1, zikifundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili kwa watoto wenye televisheni tu, bila kompyuta. Kaskazini mwa Uganda, mkimbizi wa Sudan Kusini aliyekulia kambini, Lual Mayen, alipata kompyuta baada ya mama yake kudunduliza dola 300 kwa miaka mitatu. Alitembea saa tatu kwenda kuichaji. Alijifundisha kutengeneza programu na akatunga Salaam, mchezo ambamo mchezaji anakimbia vita akitafuta maji, chakula na dawa. Mwaka 2018 alitambuliwa katika tuzo za kimataifa za michezo ya kompyuta huko Marekani. Yeye hakuwa tena mtoto mdogo, lakini kisa chake kinaonyesha nini kinatokea mtu wa ukanda huu anapokuwa mtungaji: vita alivyovijua vinaingia ndani ya mchezo, na mchezaji wa mbali analazimika kufikiri kama mkimbizi.

Jaribio kubwa kuliko yote lilifanyika Tanga. Kuanzia mwishoni mwa 2017, shindano la Global Learning XPRIZE, pamoja na serikali, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, liliwapa karibu watoto 3,000 wa vijiji 170 tableti zenye michezo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, zikichajiwa kwa umeme wa jua. Kabla ya hapo zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma neno moja la Kiswahili, na baada ya miezi 15 idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 timu za Kitkit School na onebillion zilitangazwa washindi pamoja, kila moja ikipata dola milioni tano. Matokeo hayo yanastahili heshima, kwa sababu watoto wengi kati ya hao hawakuwahi kuingia darasani. Hata hivyo walicheza michezo iliyotungwa na wengine. Hatua ya kuufungua mchezo na kuubadilisha haikuwa sehemu ya jaribio.

Toleo la tatu la Scratch, lililotoka Januari 2019, lina Kiswahili kwenye orodha ya lugha zake, na linaweza kupakiwa kwenye kompyuta likatumika bila intaneti. Kwa mtoto wa Igombe au Kayenze, hukuhuku Ilemela, hilo lina uzito zaidi kuliko mashine mpya. Anaweza kusoma tofali kwa lugha anayofundishiwa hesabu.

Tangu 2016: darasa lililojaa, mtaala unaogeuka

Elimu bila malipo ilianza Januari 2016, na kama ilivyokuwa baada ya Azimio la Musoma, madarasa yalifurika. Katika shule za msingi za umma, TEHAMA ilikuwa imeingizwa ndani ya somo la Sayansi na Teknolojia, na pasipo mashine watoto walijifunza kompyuta kwa kuchora kioo chake na kibodi yake kwenye daftari. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 haukusaidia. Kisha Bwawa la Julius Nyerere likaanza kuzalisha umeme Februari 2024, likiwa limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115.

Kenya ilitangulia kisera. Aprili 2022 taasisi yake ya mitaala, KICD, iliidhinisha mtaala wa uprogramu wa Kodris Africa kwa shule za msingi na sekondari. Tanzania ilianza kutumia mtaala ulioboreshwa Januari 2024, na Februari 1, 2025, Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, inayofanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita na elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi. Mkazo uliotangazwa ni ujuzi badala ya kukariri. Anayekijua kijitabu cha 1967 atalitambua dai hilo mara moja, na ana haki ya kuuliza kama safari hii nusu yake ya pili itaingia darasani.

Kuna njia isiyongoja maabara. Tangu miaka ya 1990, Tim Bell wa New Zealand na wenzake wamekuwa wakifundisha misingi ya kompyuta kwa kadi, kamba na michoro ya chaki, bila mashine yoyote. Usukumani hata kadi hazihitajiki. Mwalimu wa Buswelu anaweza kuchimba safu mbili za mashimo, kugawa mbegu, na kuwataka watoto waandike kanuni ya kusambaza kwa usahihi kiasi kwamba mwenzao asiyejua mchezo auendeshe kwa kusoma tu. Kundi moja litaandika "endelea mpaka ulale" na msomaji atauliza kulala ni nini. Hapo somo limeanza. Kompyuta moja ya ofisi, ikiletwa darasani mara moja kwa wiki, inatosha kwa hatua inayofuata, watoto wakiamua pamoja tofali lipi lifuate na mmoja wao akiliburuta.

Kinachokosekana zaidi ni mwalimu aliyewahi kutunga mchezo hata mmoja. Walimu wanafunzwa vyuoni, kikiwemo Butimba, ng'ambo ya mji katika wilaya jirani ya Nyamagana, na huko kuna kompyuta tangu mradi wa 2005. Mafunzo ya TEHAMA kwa walimu kwa muda mrefu yamejikita katika kuandaa nyaraka, kutafuta taarifa na kuonyesha masomo kwenye ukuta. Mwalimu aliyefundishwa hivyo atamfundisha mtoto hivyohivyo. Mwaka mmoja wa wanachuo kutengeneza michezo ya Scratch kwa Kiswahili, ikiwemo rede na isolo, ungebadilisha mambo mengi kuliko kontena la tableti.

Muda upo, ingawa si mwingi. Watoto walioingia darasa la kwanza Januari 2024 na mtaala mpya watamaliza darasa la sita mwaka 2029.